Mtandao upi unaosumbua?



Leo nina ugomvi na neno moja tu. Neno lenyewe ni MTANDAO.

Spika ya sebuleni imegoma kupiga muziki? Mtandao. Taa ya barazani haitii simu? Mtandao. Kamera ya getini inaonyesha giza saa nane mchana? Mtandao unasumbua, kaka. Mwite fundi, naye ataangalia juu darini kana kwamba mtandao unaning'inia pale, atatikisa kichwa na kusema, "Mtandao wa hapa kwenu uko chini sana." Kisha atataja bei.

Hivi, mtandao UPI?

Maana Kiswahili chetu kimelitwisha neno hili mizigo mitatu. Kampuni ya simu ni mtandao. Intaneti ni mtandao. Na ile jamii ndogo ya vitu vilivyomo ndani ya nyumba yako, yaani ruta, simu, televisheni, spika na balbu, vinavyosemezana vyenyewe kwa vyenyewe kwa Wi-Fi au kwa waya, nayo ni mtandao. Vitu vitatu, jina moja. Sina tatizo na lugha yangu. Wanaonikera ni wale wanaokula kupitia mkanganyiko huo. Anakula muuza vifurushi, anakula muuza ruta, anakula fundi asiyejua, na anayekula kuliko wote ni mtengenezaji aliyeko ng'ambo.

Hoja yangu naisema mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: matatizo mengi ya spika na taa za Wi-Fi majumbani mwetu hayahusiani na intaneti hata kidogo. Na yale yanayohusiana nayo, mengi HAYAKUPASWA kuhusiana nayo.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina ushabiki.

Kuna jamaa yangu spika zake zilikuwa zinakatakata. Akaambiwa apandishe kifurushi cha faiba, alichonacho ni kidogo, muziki "unakula sana". Akapandisha. Spika zikaendelea kukatakata, ila sasa kwa bei kubwa zaidi. Haya, MP3 ya ubora wa juu kabisa inatumia kilobiti 320 kwa sekunde. Kwa saa nzima ni kama megabaiti 144. Muziki wa ubora wa CD, usiobanwa kabisa, ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani megabiti 1.4 na ushee. Laini ya megabiti 10 inabeba spika sita za namna hiyo kwa mpigo, kila moja na wimbo wake, na chenji inabaki. Na kama nyimbo ziko kwenye kompyuta yako mwenyewe, zikitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye spika hazitumii hata baiti moja ya bando. Aliyemuuzia jamaa yangu kifurushi kikubwa alimuuzia maji ya mvua wakati wa masika.

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Tutafika. Kwanza nawapa kipimo ambacho hakihitaji fundi wala shilingi.

CHOMOA WAYA WA INTANETI. Usizime ruta, iache inawaka. Chomoa tu ule waya unaoleta intaneti kwenye ruta yako, au toa laini kama ruta yako ni ya laini. Kama ni lile boksi la kampuni ambalo waya wa faiba unaingia moja kwa moja, chomoa hapohapo taratibu, usiukunje. Kisha zima data kwenye simu, maana simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti zinakimbilia data zenyewe bila kukuaga, na hapo utadanganyika. Bado uko kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Sasa jaribu kuwasha taa kwa simu. Jaribu kupiga wimbo uliohifadhiwa ndani ya nyumba.

Ikikubali, kifaa ni chako. Siku kikigoma, mchawi yuko ndani ya uzio wako na unaweza kumkamata.

Ikikataa, rudisha waya ujaribu tena. Ikikubali baada ya kurudisha, basi umejifunza jambo zito: taa iliyo mita 3 kutoka ulipokaa huwa inasubiri ruhusa kutoka seva iliyoko nchi nyingine. Hilo nalo tutafika.

Tuanze na wachawi wa ndani. Niliokutana nao kwenye nyumba za marafiki na ndugu hawazidi wanne.

Wa kwanza ni RUTA MBILI. Kampuni ya intaneti imekuletea boksi lake, nawe umenunua ruta yako Kariakoo kwa sababu ile ya kampuni haifiki chumbani. Ukaichomeka nyuma ya ile ya kwanza, zote zikiwaka, zote zikitoa Wi-Fi. Hongera, sasa una mitandao miwili ndani ya nyumba moja. Simu iko huku, spika iko kule. Tatizo ni kwamba simu huitafuta spika kwa kupiga hodi: "Jamani, nani humu anapiga muziki?" Spika inajibu, "Mimi hapa." Hodi hiyo haivuki ruta. Kila moja iko kwenye chumba chake, mlango umefungwa, na programu ya simu inakuandikia kwamba haijaona kifaa chochote. Wi-Fi ya wageni nayo hufanya hivyohivyo, tena kwa makusudi, kwa sababu kazi yake ni kuwazuia wageni wasiingie vyumbani. Angalia anwani ya simu kwenye mipangilio ya Wi-Fi, kisha angalia ya spika kwenye orodha ya ruta. Moja ikianza na 192.168.0 na nyingine 192.168.1, karibu uhakika umemkamata mchawi. Dawa yake ni kuiweka ruta yako mpya ifanye kazi ya kusambaza Wi-Fi tu, kazi ya kugawa anwani iachiwe ruta moja. Haikugharimu kitu.

Wa pili ni ANWANI ZINAZOHAMA. Ruta ni kama balozi wa nyumba kumi: kila mgeni akiingia inamwandikisha na kumpa namba. Umeme ukikatika na kurudi, na kwetu si jambo la kushangaza, ruta nyingi zinasahau daftari na kuandikisha upya. Jana spika ilikuwa namba 12, leo ni namba 17. Programu iliyokariri namba 12 inagonga mlango wa mtu mwingine. Ndiyo maana kila umeme ukirudi "mtandao unasumbua". Ndani ya ruta kuna sehemu ya kuihifadhia spika namba yake isiyobadilika. Dakika tano tu. Na ukiona anwani ya kifaa inaanza na 169.254, ujue hakikuandikishwa kabisa: kimemkosa balozi, kimejipa namba chenyewe. Hapo usihangaike na spika, hangaika na njia yake ya kufika kwenye ruta.

Wa tatu ni MASAFA. Ruta za sasa zinatangaza kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ina kasi ila haipendi kuta. Ya 2.4 inapenya zaidi ila ina msongamano. Balbu na plagi nyingi za bei nafuu zinasikia 2.4 peke yake. Ruta ikiyapa masafa yote mawili jina moja, simu inang'ang'ania 5, balbu iko 2.4, na zipo programu zinazoshindwa kuviunganisha mara ya kwanza. Fundi anasema balbu ni mbovu. Si mbovu! Zima 5 kwa muda, unganisha balbu, kisha washa 5 tena.

Wa nne ni MSONGAMANO, na huyu ndiye aliyekuwa anamtesa jamaa yangu. Kwenye gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Tatu! Sasa hesabu majirani kwenye ghorofa za Kariakoo au Upanga. Ongeza tanuri la maikrowevu, ambalo nalo linafanya kazi jirani kabisa na gigahezi hizo hizo. Ongeza ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chuma, kwa sababu mama mwenye nyumba hapendi waya kuonekana. Spika zitaacha kukatakata? Jamaa yangu alitoa ruta kabatini, akaiweka juu ya rafu, akabadilisha njia kutoka 6 kwenda 11. Kwisha. Kifurushi kikubwa bado analipia, amefungwa na mkataba.

Mnaona ugomvi wangu unapotoka? Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne anayetibika kwa kununua intaneti zaidi.

Sasa twende kwenye nusu ya pili, ambayo inanichoma zaidi.

Kuna vifaa ambavyo ukichomoa ule waya vinakufa. Si kwamba vimeharibika. Vimezaliwa hivyo. Ukibonyeza simu kuwasha taa, amri inatoka sebuleni, inapita chini ya bahari, inafika kwenye seva ya mtengenezaji, seva inakubali, inarudi ilikotoka, ndipo taa inawaka. Safari ya mabara mawili kwa ajili ya mita 3. Mwenye nyumba anaomba ruhusa ng'ambo kuwasha taa ya nyumba aliyoijenga mwenyewe! Halafu tunaita maendeleo.

Sisi wa pwani hii tunajua waya wa baharini ukikatika inakuwaje. Jumapili ya Mei 12, 2024, kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Tena si bahari peke yake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi baada ya siku kadhaa. Najua siku zile watu walikuwa na mambo mazito kuliko balbu, na sithubutu kuyafananisha. Nasema tu hivi: nchi ambayo intaneti yake inaweza kukatwa na nanga au na amri, ni nchi ya mwisho kabisa kufunga swichi ya taa kwenye seva ya mbali.

Na msidhani wenzetu wenye kebo nyingi wamepona. Oktoba 20, 2025, vituo vya Amazon vya jimbo la Virginia, Marekani, vilipata hitilafu, na watu duniani wakakuta spika za Alexa hazisikii na kengele za mlangoni za Ring hazionyeshi. Kuna waliokuwa na vitanda vya Eight Sleep, vitanda vinavyopoza na kupasha joto kwa intaneti, wakashindwa kuvidhibiti usiku huo. Kitanda, jamani! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Hitilafu angalau hupita. Kibaya zaidi ni mtengenezaji akichoka nawe. Kulikuwa na kifaa cha kuongozea nyumba kiitwacho Revolv, kiliuzwa dola 300 Marekani kikiahidiwa huduma ya maisha. Kampuni ikanunuliwa na Nest mwaka 2014, na Mei 15, 2016 seva zikazimwa. Kifaa kizima, hakina mkwaruzo, kikageuka kopo. Aprili 2022 wateja wa Insteon waliamka wakakuta seva zimezimwa bila taarifa. Na Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma dunia nzima, si kwa sababu zimeungua, bali kwa sababu cheti cha kidijitali cha miaka 10 kilichomo ndani kilifikia mwisho wa tarehe yake. Google walirekebisha baada ya siku chache. Fikiria ni mafundi wangapi wiki ile waliwaambia wateja, "Hii imekufa, nunua nyingine."

Hata Sonos, wakubwa wa spika za nyumbani, Mei 2024 walitoa programu mpya ya simu iliyokosa hata mambo madogo kama kengele ya kuamshia. Spika ni zilezile, ukutani palepale, ila mwenye nazo akanyang'anywa alichokuwa nacho jana. Januari 2025 mkurugenzi wao mkuu, Patrick Spence, akaachia ngazi.

Mtaniambia ndiyo teknolojia, haiepukiki. SI KWELI, na mfano ninao. Logitech waliacha kutengeneza vicheza muziki vya Squeezebox mwaka 2012, na mwaka 2024 wakafunga huduma yao ya intaneti ya vifaa hivyo. Vimekufa? Havijafa. Programu ya seva yake tangu mwanzo ilikuwa ya wazi na inakaa kwenye kompyuta yako wewe, nyumbani kwako. Watumiaji waliichukua, leo inaitwa Lyrion, na vifaa vya zaidi ya miaka 10 vinapiga muziki mpaka sasa. Kwenye taa na swichi kuna Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba. Kuna Zigbee, ambako balbu inasemezana na kituo chako bila kutoka nje. Na tangu Oktoba 2022 kuna kiwango cha Matter, ambacho kimejengwa ili vifaa viagizwe ndani ya nyumba hata intaneti isipokuwepo. Njia ipo. Walioamua kutoifuata wameamua.

Najua kuna watakaosema, "Ndugu mwandishi, hizi ni kero za Masaki." Acheni utani. Nendeni Kariakoo mkaangalie plagi na balbu za Wi-Fi zinavyopangwa pembeni ya chaja za simu. Saluni ya Sinza ina kamera. Baa ina spika inayoongozwa na simu ya kaunta. Nyumba ya wageni ina taa za vyumba. Kwa tajiri kifaa kikifa ananunua kingine. Anayeumia ni yule aliyedunduliza.

Wengine watasema, "Mimi napenda kuwasha taa ya nyumbani nikiwa Morogoro." Sawa kabisa, na hapa nawapa haki yao. Wateja wengi wa intaneti ya simu wanachangia anwani moja ya nje, kwa hiyo huwezi kuipigia nyumba yako moja kwa moja kutoka mbali, na seva ya katikati inasaidia kweli. Lakini seva hiyo ni mshenga. Mshenga ni mtu muhimu, tunamheshimu na tunampa chake. Ila mshenga hahamii chumbani kwa maharusi. Nikiwa Morogoro, apite yeye. Nikiwa sebuleni kwangu, anipishe.

Kwa hiyo nadai nini?

Kwa mafundi wetu, ambao wengi ni watu werevu na wachapakazi: kabla ya kutaja bei, onyesheni kipimo. Simu inaifikia ruta? Ruta inaifikia intaneti? Anwani za vifaa zinafanana? Fundi asiyepima anabahatisha kwa pesa ya mtu.

Kwa wauzaji: nikiuliza "hii inafanya kazi bila intaneti?" nataka jibu la ndiyo au hapana. Usinijibu "hii ni orijino, bosi."

Kwa serikali: TCRA ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano, na Tume ya Ushindani ndiyo inayomlinda mlaji. Tuwekeeni mstari mmoja tu kwenye boksi: kifaa hiki kinahitaji seva ya mtengenezaji au hakihitaji, na seva hiyo imeahidiwa kwa miaka mingapi. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji atangaze ataendelea kukipa kifaa marekebisho ya usalama hadi lini. Hawakufa kwa kufanya hivyo, na maduka yao hayajafungwa.

Na kwetu sisi wanunuzi: wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Seva hata si ya ndugu yako. Kabla hujalipa, uliza. Ukishalipa, chomoa waya upime. Kikifa palepale, kirudishe dukani kingali na boksi lake, maana hicho hujauziwa. Umekodishwa bila kuambiwa kodi inaisha lini.

Na siku mtu akikwambia mtandao unasumbua, usiingize mkono mfukoni kabla hajakujibu ni upi.

Kazi kwenu, wadau.